Mafunzo ya umeme wa msongo mkubwa yamfikie na kibarua wa saiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa miaka mingi limechukuliwa kuwa la watu wachache wenye vyeti, ilhali linagusa maisha ya vijana wengi wanaoamka alfajiri kwenda kuchimba mashimo ya nguzo, kuvuta nyaya na kukata matawi chini ya laini za umeme. Jambo lenyewe ni mafunzo ya usalama kwa wafanyakazi wanaofanya kazi kwenye umeme wa msongo mkubwa, yaani wenye maelfu ya volti, au karibu nao. Nimefanya kazi ya laini na baadaye nikafundisha ufundi umeme hadi nilipostaafu, na ninayoyaandika hapa ni yale ninayoyajua kwa kuyafanya.

Nchi yetu, Tanzania, imo katika kipindi cha kujenga umeme kwa kasi ambayo kizazi changu hakikuizoea. Bwawa la Julius Nyerere limefikisha uwezo wa megawati 2,115, na umeme wake unasafirishwa hadi Chalinze kwa njia ya msongo wa kilovolti 400, na kilovolti moja ni volti 1,000. Treni ya reli ya kisasa, SGR, kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, inakwenda kwa waya wa juu wenye kilovolti 25. Kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imetoka kwenye vijiji na kuingia vitongojini, na Januari 2025 viongozi wa Afrika waliokutana Dar es Salaam walijiwekea lengo la kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Kazi zote hizo zinafanywa na mikono ya watu, na kwa ninavyoona mimi, wanaousogelea umeme mkubwa kila siku wanaongezeka upesi kuliko waliofundishwa namna ya kuusogelea.

Hoja yangu ni kwamba mtu asiruhusiwe kufanya kazi kwenye laini ya msongo mkubwa, wala ndani ya mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi inamopita, kabla hajafundishwa kwa vitendo na kupimwa kwa vitendo, na kwamba mafunzo hayo yarudiwe kila mwaka. Hapo namhesabu hata kibarua wa siku moja.

Anayezifahamu saiti zetu anajua mambo yanavyokwenda. Mkandarasi mkuu anashinda zabuni, sehemu ya kazi anampa mkandarasi mdogo, na huyo mdogo akifika kijijini anaajiri vijana wa hapo hapo kwa malipo ya siku. Mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, wapo, na wengi wao ni watu wanaoijua kazi, lakini katika kundi zima la wafanyakazi ni wachache. Waliobaki ni vijana wenye nguvu ambao juzi tu walikuwa shambani. Asubuhi fomeni anawakusanya, anawagawia kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, anawaambia wawe makini kwa sababu umeme hauna rafiki, kisha daftari linapitishwa ili kila mmoja atie sahihi kwamba amepewa maelekezo ya usalama. Mkaguzi akija, daftari lipo na sahihi zimo. Lakini aliyetia sahihi hajaambiwa laini iliyo juu ya kichwa chake ina msongo gani, kama imezimwa au la, wala ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba sasa kazi inaweza kuanza.

Tena kijana huyo haji saitini bila lolote analolijua. Amekulia kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230, pengine amewahi kupigwa shoti akapona, na uzoefu huo ndio unaomponza. Umemzoesha kuamini kwamba umeme unadhuru ukishikwa tu, na kwamba ukiugusa kidogo utakurusha pembeni utikise mkono uendelee na kazi. Kwenye laini ya kilovolti 33 imani hiyo haina nafasi. Kilovolti 33 hupimwa kati ya waya na waya; kati ya waya mmoja na ardhi pana takriban volti 19,000, na umeme huo hausubiri kuguswa: ukiusogelea mno kwa nondo, kwa ngazi ya alumini au kwa tawi bichi, unaruka hewani na kukufikia. Mkondo wa miliampea 50 ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na laini kubwa ina uwezo wa kupitisha mwilini mkondo mkubwa kuliko huo mara mamia. Anayenusurika mara nyingi huonekana ana kidonda kidogo mkononi na kingine mguuni, wakati misuli ya ndani imeungua na sumu yake inaelekea kwenye figo. Kwa hiyo aliyepigwa na umeme mkubwa apelekwe hospitali hata kama anasema yuko salama, na hilo nalo ni somo ambalo wengi hawajapewa.

Kanuni za Marekani zinamtaka mtu asiye na mafunzo akae angalau futi 10, yaani takriban mita 3, kutoka kwenye laini ya juu isiyozidi kilovolti 50, na umbali huo unaongezeka kadiri msongo unavyopanda. Nimekuwa nikiwauliza mafomeni kama vibarua wao wanaujua umbali wao, na kama wamewahi kuonyeshwa mita 3 kwa macho, kwa kamba iliyopimwa na kuinuliwa juu. Swali hilo lina sababu. Mtu akitazama kitu kilicho juu ya kichwa chake hukadiria umbali vibaya, na dereva wa tipa anayeinua bodi amwage mchanga chini ya laini hukadiria vibaya zaidi, kwa kuwa amekaa ndani na macho yake yako kwenye vioo.

Katika mafunzo yoyote ya umeme mkubwa, muda mwingi zaidi unapaswa kwenda kwenye laini iliyozimwa. Panapojulikana kwamba umeme upo, watu huogopa na kujihadhari. Maafa ninayoyahofia zaidi ni ya pale wanapoambiwa, "Umeme umekatwa, pandeni." Laini iliyokatwa inaweza kubaki na umeme kwa njia ambazo mtu asiyefundishwa hawezi kuzibuni. Pengine aliyezima amezima njia nyingine, kwa sababu nguzo zimebeba laini mbili, au kwa sababu namba iliyotajwa kwenye simu ilisikika vibaya. Pengine laini ilijizima yenyewe kwa hitilafu, na swichi yake imepangwa kujaribu kuirudisha baada ya sekunde chache bila mkono wa mtu. Pengine waya mpya unaovutwa unapita sambamba na laini kubwa yenye umeme, na ile kubwa inauambukiza msongo wa kuua ingawa hazijaunganishwa mahali popote. Hili la mwisho litatukuta mara nyingi zaidi kadiri njia za kilovolti 220 na 400 zinavyojengwa kando kando.

Kisha kuna jenereta, na hapa naomba wasomaji wasio mafundi nao wanisikilize. Umeme ukikatika kijijini, mwenye duka, mwenye baa na mwenye mashine ya kusaga wanawasha majenereta yao. Kama aliyewafungia hakuweka swichi ya kubadilishia inayotenganisha jenereta na laini, umeme wa jenereta unatoka kupitia mita, unapanda nguzo na kufika kwenye transfoma. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ile inayoshusha kilovolti 33 kuwa volti 400, ikilishwa kutoka upande wa chini, hupandisha. Fundi aliye mbali na hapo, aliyehakikishiwa na kituo kwamba laini imezimwa, na kweli kituoni imezimwa, anakutana na umeme uliotoka dukani kwa mtu. Siku hizi mifumo ya sola yenye betri na inveta imeenea majumbani, nayo ikifungwa ovyo huweza kuleta hatari hiyo hiyo. Mwenye duka hana nia mbaya na huenda hatajua kamwe kilichotokea. Kinachobaki ni fundi aliye juu ya nguzo awe amefundishwa kutoamini neno la mtu yeyote, hata la mkuu wake, mpaka amepima na kuifunga laini kwenye ardhi, yaani kuiunganisha na ardhi kwa waya, yeye mwenyewe.

Utaratibu wenyewe unajulikana dunia nzima. Umeme ukatwe pande zote unakoweza kutokea. Swichi zifungwe kwa kufuli na kutundikwa kibao ili mtu mwingine asiwashe. Laini ipimwe kuhakikisha haina umeme. Nyaya zote ziunganishwe pamoja na kufungwa kwenye ardhi. Kisha sehemu za jirani zilizobaki na umeme zikingwe au zizuiwe. Ujerumani huwafundisha wanafunzi wa ufundi umeme hatua hizi tano kwa mpangilio huu huu, na mpangilio usivunjwe, maana kila hatua inailinda inayofuata. Kipimio kijaribiwe kwanza mahali panapojulikana kuwa na umeme, kitumike kwenye laini, kisha kijaribiwe tena, kwa kuwa kipimio kilichoishiwa betri hukaa kimya hata juu ya laini yenye umeme. Waya wa kufungia laini kwenye ardhi unaanza kufungwa chini, ndipo unapandishwa kwa fimbo ya kuhami, isiyopitisha umeme, na kubanwa kwenye waya wa laini ulio karibu zaidi. Wakati wa kuondoa, wa juu hutoka kwanza na wa chini hutoka mwisho. Anayegeuza utaratibu huo anaweza kujikuta mwili wake ndio njia pekee ya umeme kufika ardhini. Na ufungaji huo ufanyike pale pale wanapofanya kazi, pande zote mbili za wafanyakazi, kwa maana ardhi iliyofungwa kituoni peke yake haimlindi aliye mbali na kituo.

Mambo ya aina hii hayafundishwi kwa karatasi. Chukua glavu za mpira tu. Glavu za daraja la 2 zimetengenezwa kutumika hadi volti 17,000 na za daraja la 4 hadi volti 36,000, kwa hiyo anayevaa za daraja la 2 kwenye laini ya kilovolti 33 amevaa kinga isiyomkinga. Kila siku kabla ya kazi mvaaji anatakiwa kuikunja glavu kuanzia mdomoni ili hewa ibaki ndani, aibane mpaka vidole vyake vitune, kisha aisogeze shavuni na sikioni, maana tundu lisiloonekana kwa macho hujulikana kwa upepo mdogo unaopuliza ngozi. Juu yake avae glavu za ngozi ili mpira usichanwe na ncha za waya. Na hata zikionekana nzima, kanuni za Marekani zinataka glavu zinazotumika zirudishwe maabara kupimwa kila baada ya miezi 6. Nimewahi kufika kwenye saiti ambako glavu za mpira zilikuwa zimetupwa nyuma ya gari pamoja na misumari, vikombe vya kushikilia nyaya nguzoni vilivyovunjika na kopo la grisi lililovuja, na grisi huula mpira. Niliyemkuta akizivaa alikuwa na cheti cha usalama, na nilipomwomba aipime glavu mbele yangu aliigeuza geuza mkononi akasema ni nzima. Simlaumu kijana huyo hata kidogo, kwa kuwa aliyempa cheti hakuwahi kumpa glavu aishike.

Waya ulioanguka nao unahitaji somo lake, na somo hili liwafikie hata walinzi wa saiti na akina mama wanaouza chai hapo jirani. Watu hudhani waya ukianguka umeme hujikata. Kwenye ardhi yenye unyevu mara nyingi hukatika, lakini kwenye mchanga mkavu mkondo unaopita unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba swichi ya kituoni haioni hitilafu, na waya unabaki na umeme ukiwa umelala kimya mchangani. Ardhi inayouzunguka inakuwa na msongo unaopungua kadiri unavyoenda mbali, na anayetembea kwa hatua ndefu anaweka mguu mmoja penye volti nyingi na mwingine penye volti chache, kisha umeme unapita katikati ya miguu yake. Aondoke kwa kuburuta nyayo huku miguu ikigusana. Dereva ambaye mtambo wake umegusa laini abaki ndani hadi umeme ukatwe, isipokuwa moto umeanza. Hapo aruke mbali miguu yote miwili pamoja, asishike mtambo na kukanyaga ardhi kwa wakati mmoja. Nimeona vijana wakijifunza mruko huo kwa kurudia rudia kutoka kwenye kreti la soda, na ninaamini hawatausahau.

Hatari nyingine ni ya huruma. Mwenzako akinaswa, moyo unakutuma ukimbilie kumvuta, na hivyo aliyekwenda kuokoa anaanguka naye. Timu nzima ijue kwamba kwanza umeme unakatwa, au kituo kinapigiwa simu kikate, ndipo mtu anaguswa. Ijue namba ya kituo bila kuitafuta. Na ijue kubonyeza kifua cha aliyesimama moyo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hivi, bila kuacha hadi msaada ufike. Huko vitongojini hospitali iko mbali, na dakika chache za mwanzo ziko mikononi mwa kibarua aliyesimama hapo.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maelekezo na mafunzo, na OSHA, wakala wetu wa usalama na afya mahali pa kazi, ndiyo inayoisimamia. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi, na Mkataba wake namba 155 unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoona, kwa sababu za msingi, kwamba pana hatari kubwa ya papo hapo. Ninaloliona mimi ni pengo kati ya sheria na nguzo. Leseni inamhusu fundi, mkataba unamhusu mkandarasi mkuu, na kibarua anabaki katikati akiwa na sahihi yake kwenye daftari. Kumwambia kijana wa kulipwa kwa siku kwamba ana haki ya kukataa kupanda, huku akijua kesho hataitwa, ni kumpa haki asiyoweza kuitumia. Kwa hiyo mafunzo ya mafomeni yawe na sehemu yao ya pekee, ya namna ya kumpokea anayesema "sijaona ardhi ikifungwa" bila kumfokea wala kumfukuza.

Nimezitaja kanuni za Marekani kwa sababu zimeandika waziwazi jambo moja ambalo ningependa kuliona kwetu. Kwa wafanyakazi wa laini na vituo vya umeme, mafunzo hayahesabiwi kuwa yamekamilika mpaka mfanyakazi ameonyesha kwa vitendo kwamba anaiweza kazi. Na kazi ambayo mtu huifanya chini ya mara moja kwa mwaka inamlazimu afundishwe upya kabla ya kuirudia. Hilo ni la busara kwetu pia. Fundi aliyefunga ardhi kwenye laini ya kilovolti 132 mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita anakumbuka kwamba aliwahi kufanya, lakini mikono yake imesahau utaratibu.

Kwa hayo yote nina maombi, na nayatoa kwa heshima. Wanaotangaza zabuni za kujenga na kukarabati laini waweke gharama ya mafunzo kama kifungu chake kwenye zabuni, kwa kuwa ikiachwa ndani ya bei ya jumla, mkandarasi anayefundisha atashindwa na asiyefundisha. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vyenye ufundi umeme viwe na uwanja wa nguzo chache zisizo na umeme, zenye transfoma, fyuzi na vikombe vya kweli, ambapo mkandarasi yeyote wa eneo hilo anaweza kuwaleta watu wake kabla ya saiti kufunguliwa. Mafunzo na mitihani viwe kwa Kiswahili, pamoja na maandishi kwenye vibali vya kazi na kwenye vibao vya hatari, maana nimeona vibali vya lugha ya kigeni vikitiwa sahihi na watu wasioweza kuvisoma. Wakaguzi wanapofika saitini waliache daftari kwanza, wamchague kibarua mmoja na kumwomba aonyeshe umbali wake, aipime glavu, na aseme nani alifunga ardhi asubuhi ile na wapi. Na wafanyakazi wa SGR wasiogusa umeme kabisa, wakiwemo wasafisha mabehewa, wachomeleaji na walinzi, wafundishwe kwamba waya ulio juu ya reli una kilovolti 25 wakati wote mpaka mwenye mamlaka athibitishe vinginevyo kwa maandishi.

Ningefurahi kama OSHA, EWURA na wakandarasi wenyewe wangejibu kupitia gazeti hili, hasa swali la kifungu cha mafunzo kwenye zabuni, kwa sababu hilo linaweza kuamuliwa ofisini kabla ya mradi unaofuata kutangazwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa laini na mwalimu wa ufundi umeme mstaafu,
Morogoro.